Jicho la Pomboo

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa nyuma mmeitika kivivu. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale Bi Nyangumi alitoka bahari ya baridi, akaja maji yetu ya uvuguvugu kujifungua. Akamzaa Zuwena. Mtoto mchanga, lakini mzito kushinda ng'ombe! Mama akamfundisha kupumua. Juu, pwaaa! Chini. Juu, pwaaa! Chini. Mchana kutwa, usiku kucha. Zuwena akajua kupumua, ila njia hakuijua. Na mama akachoka hoi.

Akamwita jirani yake Pomboo. "Shoga, niangalizie mwanangu. Nifumbe macho kidogo tu."

"Lala, shoga yangu," akasema Pomboo. "Sisi hulala jicho moja. La pili li macho!"

Ni kweli. Na desturi yao, jicho lililo wazi humwelekea mwenzao.

Bi Nyangumi akalala. Kumbe huko nje vijana wa pomboo wamempata samaki bunju, kavimba tumbo kama mpira, wanamrusha. Pu! Pu! Pomboo akatamani kuona. Akajigeuza kidogo. Jicho la wazi likaelekea mchezoni, la usingizi likaelekea kwa mtoto.

"Nikiitwa nitasikia," akajisemea.

Zuwena akafuata samaki wadogo, akapita mwanya wa mwamba. Maji yakaanza kupwa. "Shangazi! Tumbo linagusa mchanga!"

Pomboo anacheka. Pu! Pu! Hakusikia.

Mchezo ulipokwisha akageuka. Mtoto hayupo! Akapiga mluzi, fyuuu! Bi Nyangumi akagutuka, akaja mbio, lakini mwanya ule haukumtosha. Pomboo akaingia, akamsukuma mtoto kwa pua mpaka pua ikatoka damu. Zuwena hakusogea.

Akafa? Alikufa, wanangu. Sitawadanganya, na mimi inaniuma. Pale mchangani uzito wake mwenyewe ulimbana pumzi; maji yalijaa tena, Zuwena hakuamka.

Bi Nyangumi akauliza, "Shoga, si ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho."

"Ulikuwa unamtazama nani?"

Bi Nyangumi hakumtukana. Akarudi bahari yake ya baridi peke yake, anaimba, na mpaka leo bado anaimba. Laiti angemtukana! Pomboo angepata la kujibu.

Tangu hapo, pomboo akilala karibu na mtoto, hujigeuza mara mbili kuhakikisha jicho liko upande gani.

Nanyi mliopo hapa, wakubwa na wadogo: ukikabidhiwa mtoto wa mwenzio, mtazame yeye. Kuwa macho tu hakutoshi.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mwanya wa mwamba.