Ngozi Moja, Mtamba Mmoja

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana serikali ilikuwapo na ahadi zake, Cheposera alikuwa akisugua kibuyu cha maziwa kwa majivu, ingawa maziwa yenyewe hayakuwapo. Likapita gari lenye kipaza sauti. Serikali imewahurumia wafugaji walioathiriwa na ukame, likasema. Kila ng'ombe aliyekufa atalipwa kwa mtamba mwenye mimba. Mtu aje na ngozi yenye chapa.

Huruma hiyo ilifika mvua ikiwa imeshanyesha na fisi wameshanenepa. Nani alikuwa na ngozi? Watu waliiacha mizoga ilipoangukia. Kijiji kizima ilipatikana ngozi moja tu, na juu yake alikuwa akilala Chepturu, mke mwenza wa Cheposera.

Ng'ombe wa ngozi hiyo alikuwa wa Lomuria, rafiki wa marehemu mume wao. Alimweka kwa Cheposera kwa desturi ya kwao: maziwa ya mtunzaji, ndama wa mwenyewe. Kiangazi kilipokaza, Lomuria alihamia milimani na ng'ombe wenye nguvu. Huyu mdhaifu akamwachia shemeji yake, asante sana. Cheposera akakata matawi, akakata matawi. Akabeba maji, akabeba maji. Kila asubuhi alimwinua kwa mkia, watoto wakisukuma ubavu, hadi siku ng'ombe alipokataa kuinuka. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kumchuna ila Chepturu, na kwa desturi ile ile, ngozi ni ya mchunaji.

Lomuria akashuka kutoka milimani, na wote watatu wakafika kwa chifu. Afisa wa mifugo alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari lake, akitafuna mbuzi aliyechinjiwa na watu wasio na mbuzi.

"Chapa ni ya ukoo wangu," Lomuria alisema. "Kwako alikuwa mgeni tu, shemeji."

"Mgeni," Cheposera akasema. "Mgeni niliyemwinua kwa mkia, wewe ukinywa maziwa mlimani. Wanangu walilala njaa ili yeye ale unga. Sasa nenda ukawaambie wangoje ndama wako."

Chepturu aliipiga ngozi kofi, vumbi likatoka. "Gombaneni tu. Nyinyi mlimwachia fisi. Bila kisu changu mngekuja hapa na nini?"

Cheposera akamuuliza alikuwa wapi wakati wa kukata matawi. Chepturu akajibu kwamba hakuolewa ili awakatie matawi ng'ombe wa watu.

Afisa alikagua chapa, akawatolea mtamba mmoja, akasema yeye anajua ngozi, desturi hazijui. Chifu akasema wapatane kabla ya asubuhi, la sivyo mtamba atatunzwa kwake. Na zizi la chifu, kila mtu alijua, halijawahi kurudisha kitu.

Wakarudi na mtamba, wakibishana njia nzima, wakaishia kwa Cheposera kwa kuwa ndiko moto ulikokuwa ukiwaka. Akasonga ugali, akapakua mboga za porini, akahesabu vichwa. Watoto wanne wapo. Lomuria yupo, keshanawa mikono. Chepturu yupo, kaikalia ngozi yake. Chifu naye kapita "kuwaangalia", kavuta kigoda. Hakuna aliyekosekana ila maziwa. Nje, mtamba alilia, kafungwa kwenye mti usio na mwenyewe.

Haya, nyinyi mlioshiba kwenu, semeni: mwenye chapa, mwenye jasho, mwenye ngozi. Kesho kukicha, kamba ya mtamba yule aishike nani?