Wasifu wa Kadhi Muhallab

Wamesimulia waliotutangulia kwamba palikuwa na mwanachuoni mcha Mungu, Sheikh Mundhir, aliyetumia umri wake kukusanya habari za watu mashuhuri: matabibu wa Andalusi, washairi wa Yemen, wajuzi wa nyota wa Khurasani. Kila mmoja alimwandikia wasifu mfupi, na hakuandika neno ila baada ya kuwauliza waliomjua.

Safari zake zikamfikisha Wasit, katika nchi ya Iraki, nyumbani kwa marehemu Kadhi Muhallab, ambaye mji mzima ulimsifu kwa uadilifu. Alipokewa na mjane, Bi Umaima, na mwanawe Kutaiba, ambaye siku hizo alitarajiwa kukikalia kiti cha baba yake.

Sheikh akauliza aliyotaka kuuliza, kisha akasema, "Nataka kumalizia kwamba hakupata kuhukumu kwa kumwogopa mtu. Niandike hivyo, bibi?"

"Andika, Sheikh," Kutaiba akadakia.

Bi Umaima akainamisha kichwa. "Usiandike. Alihukumu kwa hofu mara moja."

Akaeleza habari ya Sinani mfumaji, aliyeshitakiwa kuiba taa za fedha za msikitini. Mwizi hasa alikuwa mpwa wa liwali, na kadhi alilijua hilo. Lakini alimwogopa liwali, akaamuru mfumaji akatwe mkono wa kulia. Siku ile kadhi alirudi nyumbani asiweze kula, akamweleza mkewe yote, akamsihi asimwambie mtu. Sinani hakufuma tena. Aliishia kuomba njiani hata akafa, na binti yake Buthaina angali akiitwa mtoto wa mwizi, wala hakuna aliyekwenda kumposa.

"Mama!" Kutaiba akasema. "Maiti hatajwi ila kwa kheri."

"Na Sinani si maiti? Yeye mbona anatajwa kwa wizi?"

Kutaiba alilia, akambusu mama yake mikono, akamwomba ayarudishe maneno yake. Hakuyarudisha. Sheikh Mundhir akaandika kama alivyosikia, na Ijumaa wasifu ukasomwa msikitini. Kutaiba akakosa ukadhi, akahamia Basra, wala hakumletea mama yake hata salamu.

Bi Umaima akashika njia kwenda kwa Buthaina kumtaka radhi. Alimkuta mlangoni akichambua pamba.

"Ulijua tangu lini?" Buthaina akamuuliza.

"Tangu siku aliyokatwa."

"Baba yangu alikuwa akipita kwenu kuomba. Mlimpa nini?"

"Mkate, mwanangu."

"Mkate." Buthaina akaiweka pamba chini. "Alikuwa akirudi nao hapa, tukila, ananiambia nimwombee kadhi na mkewe. Nami nikiwaombea."

Bi Umaima akapiga magoti. Buthaina hakumnyanyua, wala hakumtukana. "Nenda, bibi," alisema. "Nikiweza kukusamehe, nitakuja mwenyewe kukwambia."

Bi Umaima aliishi miaka mingi baada ya hapo, akiswali na kufunga, na kila mlango ulipobishwa aliinuka kwa haraka. Buthaina hakuja.

Enyi wapenzi, bibi huyu alisema kweli ikamgharimu mwana, nasi twamhesabu katika waja wema. Lakini Mola, aliye mwingi wa kusamehe, ameiacha haki ya mja mkononi mwa mja mwenyewe. Basi aliye na haki ya mtu na airudishe mwenye haki angali hai, Allah atuwezeshe.