Upepo wa Kurudi Mkuyuni

Paukwa!

Pakawa!

Waliowahi kumsubiri mtu kiwanja cha ndege wasogee. Na watoto wasogee.

Zamani hizo, anga ilipokuwa na ndege wa manyoya tu, Baba Hondo na Mama Hondo waliishi kwenye tundu la mti. Mnawajua hondohondo, ndege wale wa midomo mikubwa? Mama akitaga, huingia tunduni. Mlango huzibwa kwa tope. Huachwa ufa mwembamba tu, mdomo upite. Humo ndani mama hupukutika manyoya ya mbawa. Hawezi kuruka. Baba ndiye humletea chakula.

Asubuhi moja Baba Hondo akasema, "Mke wangu, karibu hapa matunda yamekwisha. Naenda kwenye mkuyu ule wa mlimani."

"Nenda. Rudi."

Vuu! Vuu! Vuu! Akaenda.

Mama akaatamia mayai yake. Akangoja. Jua likapanda. Akangoja.

Kunguru akatua tawini. "Hodi, shemeji! Bado uko jela?"

"Niko kwangu. Unataka nini?"

"Nakuhurumia. Asubuhi nilimfuata mumeo. Alifika mkuyuni umande haujakauka. Sasa tazama jua! Njia si ile ile?"

"Ni ile ile."

"Basi amekufa. Vunja ukuta, utoke ukamlilie. Mayai nitakulindia mimi."

Mama Hondo akaanza kugonga ukuta. Ngo! Ngo! Ngo! Tope likadondoka. Kunguru akasogea. Ngo! Ngo! Kunguru akasogea tena, anameza mate.

Mara, fuuu! Jani kavu likapita mbele ya ufa, likielekea mlimani. Jingine likafuata. Fuuu!

Mama akaacha kugonga.

"Kunguru, upepo huu ulivuma hivi asubuhi?"

"Hivi hivi."

"Basi wakati wa kwenda ulimsukuma mgongoni. Sasa unampiga usoni. Tena ana mzigo kooni."

"Lakini umbali ni ule ule, shemeji!"

"Umbali, ndiyo. Muda, hapana."

Akaokota tope lililodondoka, akaziba alipobomoa. Kunguru akatukana, akakaa kungoja.

Jua likainama. Kimya. Kisha, kwa mbali: vuu... vuu... vuu...

Kunguru akatoweka.

Baba Hondo akatua, vumbi tupu, macho mekundu. Akatoa kuyu kooni, moja moja, akampa mkewe kupitia ufa.

"Nimechelewa."

"Upepo. Najua. Kula na wewe."

Akatazama ukuta. "Hili tope bichi ni la nini?"

"Nilikuwa naanza kukulilia."

"Mapema yote hii?"

Mama Hondo akacheka mpaka mayai yakatikisika. Baada ya siku chache yakapasuka. Pii! Pii!

Basi, wanangu na wakubwa zenu, umbali wa njia haubadiliki, lakini muda wa safari hubadilika. Aliyechelewa si lazima awe amepotea. Kabla ya kumlilia, uliza upepo unavuma kuelekea wapi.

Hadithi yangu imetua hapa, salama.