Nyayo Mia Tatu na Kumi na Mbili

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Maana yake si ngumu: kidogo ukikiongezea kidogo, mwisho wake chombo hujaa. Habibah aliijua maana hiyo kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa kwa miaka ishirini alikuwa akiuza maharagwe ya Bulumbi kwa gorogoro, kopo la kupimia nafaka, katika soko la Busia, upande wa Uganda. Lakini hata yeye hakuelewa binti yake Madinah alitaka kujaza kibaba gani kwa kukusanya nyayo za watu.

Madinah alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea uchunguzi wa jinai kwa njia ya hisabati, takwimu na kompyuta. Majirani waliposikia neno jinai walitarajia kumwona amevaa koti jeupe akipasua maiti. Badala yake, likizo ile alirudi nyumbani na kompyuta, rimu ya karatasi na kopo la masizi yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia. Mhadhiri wake, Dkt. Ebong, alikuwa amemtuma achape alama za soli za viatu vya watu wa sokoni, azipime, kisha aziingize kwenye kompyuta.

Hapo ndipo alipogonga mwamba. Huko mpakani, anayechukua unyayo wa mtu hadhaniwi kuwa na nia njema. Watu husema mchanga wa unyayo ndio unaopelekwa kwa mganga ukitaka kumdhuru mwenzio. Siku ya kwanza hakupata hata mtu mmoja. Ilibidi aanze na sandali za tairi zilizokaa mlangoni kwao, zile ambazo baba yake alizivaa kwenda kutawadha. Karatasi hiyo akaiandika namba moja. Siku ya pili alipata watu wawili, ya tatu akafukuzwa na muuza samaki aliyemwita daktari wa viatu, ya nne akapata watano. Aliwaahidi watu kwamba haandiki jina la yeyote, anaandika namba tu, na kwamba anataka kiatu, si mguu. Jioni moja alilia kwa uchungu akasema anaacha. Mama yake alimwambia kwamba gorogoro halijai kwa kutazamwa. Likizo ilipokaribia kwisha, alikuwa na karatasi mia tatu na kumi na mbili.

Basi asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, betri ya lori la baba yake ilikutwa haipo. Baba yake, Sowedi, alikuwa msafirishaji wa mahindi kutoka Paya hadi Malaba, mtu mkali lakini mnyoofu. Kando ya kisanduku cha betri, ubavuni mwa lori, palikuwa na alama moja tu kwenye tope: mguu wa kulia, umezama sana, michirizi ya tairi ikionekana waziwazi. Sowedi aliifunika kwa beseni isije ikakanyagwa.

Haukupita muda, Wanjala akaingia. Huyu alikuwa mpakizi wao kwa miaka tisa, akivuka mpaka kila asubuhi kutoka upande wa Kenya na kurudi kila jioni. Miguuni alikuwa na sandali za tairi. Sowedi alimwamuru aweke mguu kando ya alama ile. Michirizi ikalingana sawia, na urefu pia.

Kufumba na kufumbua, uwanja ulijaa watu. Mzee Ikwap, mwenyekiti wa mtaa, aliinama akaamua kwamba alama imezama kwa sababu aliyeikanyaga alikuwa amebeba kitu kizito, na kizito chenyewe ni betri. Polisi walishapigiwa simu na walikuwa njiani.

"Mguu hii ni yake," alisema Sowedi kwa hasira. "Miaka tisa nakula na yeye sahani moja."

Wanjala hakukimbia wala hakubisha sana. "Bosi, mimi sijaiba," alisema. "Lakini nikifungiwa huku, Metrine na watoto wataambiwa na nani niko wapi?"

Maneno hayo yalimchoma Madinah. Kumpinga baba mbele ya watu si jambo dogo, na moyoni aliogopa kwamba huenda Wanjala ni mwizi kweli. Lakini alikumbuka jambo ambalo Dkt. Ebong aliwarudia kila wiki: usiulize kama alama zinafanana, uliza ni ngapi nyingine zinazofanana nazo. Akamwomba baba yake saa moja. Sowedi alifungua mdomo amkemee, ila Mzee Ikwap alisema saa moja haimwumizi mtu.

Madinah aliweka rula kando ya alama, akaipiga picha, akaiingiza kwenye kompyuta. Jibu la kwanza halikuchelewa. Kati ya karatasi zake, sabini na moja zilikuwa na michirizi ile ile, yaani karibu mtu mmoja kati ya kila wanne. Wala haikuwa ajabu. Osinya, fundi viatu wa sokoni, alikata sandali nyingi kutoka tairi moja la lori, na matairi yake yote alipenda yawe ya aina moja.

"Mzee Ikwap," alisema Madinah kwa heshima, "naomba uinue mguu wako."

Mwenyekiti aliinua mguu, akajitazama soli. Michirizi ni ile ile. Watu walicheka, kisha kila mmoja akaanza kuchungulia viatu vyake.

"Kwa hiyo unasema Wanjala si mwizi?" aliuliza Sowedi.

"Sisemi hivyo, Baba. Nasema michirizi hii peke yake haiwezi kumfunga mtu."

Ndipo akaigeukia misumari. Osinya alipigilia misumari sita kisiginoni kwa kukisia kwa jicho, kwa hiyo haikuwa rahisi kupata sandali mbili zenye mpangilio mmoja. Kwenye tope palikuwa na vishimo vitano, na kimoja kimekwenda upande. Mwenyekiti aliichukua sandali ya Wanjala, akaigeuza: ilikuwa na misumari yote sita. Madinah akaiambia kompyuta itafute katika zile sabini na moja. Ikatoa moja tu: namba moja.

Ilikuwa karatasi ya sandali za baba yake. Angeweza kuifunga kompyuta na kunyamaza, maana Wanjala alikwisha kupata nafuu, na aibu ya baba ni aibu ya nyumba. Alimtazama Wanjala, aliyekuwa bado amesimama mguu mmoja peku, kiatu kikiwa mkononi mwa mwenyekiti. Akamwomba mama yake alete sandali za mlangoni.

Habibah alizigeuza mbele ya wote. Ile ya kulia ilikuwa na tope bichi, misumari mitano, mmoja umekwenda upande.

Sowedi alizitazama, akakumbuka. Alfajiri, alipotoka kutawadha, alikwenda kuangalia kama turubai limepeperushwa. Aliegemea lori, akasimama kwa mguu wa kulia huku akikung'uta kijiwe kutoka sandali ya kushoto. Ndiyo maana alama ilizama, na ndiyo maana ilikuwa moja; za mwizi mvua ilikwisha kuzifuta. Kwa giza lile hakuona kwamba betri ilishaondoka.

Sowedi alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kuficha kosa lake. Alichukua sandali ya Wanjala kwa mwenyekiti, akainama, akaiweka miguuni pa mwenye kiatu.

"Mguu ni yangu," alisema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Wanjala alimshika mkono akamwinua. Polisi walipofika waliambiwa ukweli: betri imeibwa, mwizi hajulikani. Haijapatikana mpaka leo, na Madinah hakumdanganya mtu kwamba kompyuta yake ingemtaja aliyeichukua. Jioni ile Wanjala alivuka mpaka kwenda kwa Metrine kwa miguu yake mwenyewe, kama siku zote.

Kesho yake, Madinah alipofungua lango aliwakuta watu wamemtangulia. Mbele alikuwa muuza samaki, gambuti zake zimeoshwa zikang'aa, akiuliza kama bado karatasi zipo. Sowedi ndiye aliyeshika kopo la masizi. Madinah alichukua karatasi mpya, akaandika mia tatu na kumi na tatu, huku akiifikiria ile ya kwanza aliyoichapa peke yake mlangoni, siku ambayo hakuna aliyemtaka. Kweli, haba na haba hujaza kibaba.