Mlezi wa Pili wa Sikudhani

Jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ya Mhina lilikuwa hili: mkewe, Mashavu, alimwomba amsogezee meza karibu na dirisha apate mwanga wa kuchambua mchele. Mhina akaisogeza. Mkewe akasema bado, isogee kidogo tena. Mchele haujaisha, uchungu ukamshika.

Mtoto alizaliwa jioni ile, wa kike, nyayo zake zimegeukia ndani na kutazamana kama viganja vinavyotaka kupiga makofi. Mashavu akafariki kabla mtoto hajapewa jina. Mhina akamwita Sikudhani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana wamo watu watatu humu, na kila mmoja ana kipawa chake. Restituta, muuguzi wa zahanati, alikuwa na mikono iliyojua mfupa unataka kuelekea wapi. Mdoe, fundi viatu, akiutazama mguu mara moja hahitaji kuupima. Mwantumu, dada yake Mhina aliyemlea mtoto nyumbani, alikuwa na moyo usiotikiswa na kilio.

Watu walipomwambia Restituta kuwa miguu ile ni amri ya Mungu isiguswe, alijibu kwamba Mungu huyohuyo ndiye aliyeiumba ikiwa laini. Matibabu ya kuinyoosha zamani yalikuwa ya mjini tu. Yeye alikwenda kujifunza ili yapande hadi kijijini kwao mlimani. Kila wiki aliunyoosha mguu kidogo, akaufunga plasta ngumu ili usirudi. Wiki iliyofuata akaifungua, akaunyoosha tena. Mwishowe akamsindikiza mtoto kwa daktari, kano ya kisigino ikakatwa kidogo, na nyayo zikatazama mbele. Bila Restituta, Sikudhani angekanyagia ubavu wa mguu maisha yake yote.

Lakini mguu ulionyooshwa haujasahau ulikotoka. Ilibidi mtoto avae viatu vilivyounganishwa kwa chuma, kwanza usiku na mchana, kisha kila alalapo, kwa miaka. Vile vya kutoka mjini vilipombana, vingine havikuja. Mdoe akakata ngozi, akachukua bomba la baiskeli mbovu, akaunda, akabomoa, akaunda tena, mpaka kisigino kikatulia mahali pake. Kila miguu ya mtoto ilipokua, fundi aliunda vingine. Bila Mdoe, nyayo zingegeuka upya.

Mwantumu yeye alianza kwa kosa. Chuma kile hakikukubali mbeleko. Kwa hiyo kila alipokwenda kupalilia maharage alimvua mtoto viatu, akamfunga mgongoni kama alivyobebwa yeye na mama yake. Mguu mmoja ukaanza kurudi, plasta zikaanza upya. Mwantumu hakujitetea. Alishona mbeleko pana ya kumlaza mtoto ubavuni, miguu na chuma vikitokeza nje. Na usiku, majirani waliposikia kilio wakagonga wakiomba amwonee huruma yatima avuliwe, hakumvua. Bila Mwantumu, viatu vingelala chini ya kitanda.

Basi kijiji hicho kilikuwa na desturi. Mtoto aliyefiwa na mama, siku atakapotoka mlangoni hadi jikoni bila kushikwa, hupewa mlezi wa pili: yule aliyemfikisha hapo. Baba akifa, mtoto ni wa huyo. Mlezi ni mmoja, na baba ndiye humtaja.

Sikudhani akatembea. Wazee wakaitwa, na wale watatu wakaketi mkekani. Kila mmoja alimtaka.

Mdoe akaanza kwa utani. "Mimi vidole vinanuka ngozi mpaka leo. Wewe shangazi mtu ulifanya nini zaidi ya kulala?"

"Nililala saa ngapi, fundi? Kila usiku nilipigwa mbavu na bomba lako la baiskeli."

Wazee wakacheka. Mmoja akauliza kama shangazi anahitaji ulezi, naye ni damu tayari. Mwantumu akajibu taratibu kwamba shangazi akiolewa huondoka, na mtoto hubaki.

Restituta, ambaye hakuwa na mtoto, alisema neno moja tu: "Mimi nimezoea kuwarudisha watoto kwa mama zao. Huyu sikuwa na wa kumrudishia."

Mhina aliomba apewe muda hadi adhuhuri ya kesho yake.

Asubuhi yake hakwenda kwa yeyote kati yao. Alikuwa amesikia kwamba ng'ambo ya bonde kuna mwanamke anaficha mtoto mchanga mwenye miguu kama ile. Akaona kwamba akimweleza mtu asiyejua lolote, atajisikia mwenyewe anamtanguliza nani. Akamshika Sikudhani mkono, mara amtembeze, mara ambebe, wakashuka, wakapanda.

Mwanamke yule alimtazama Sikudhani akimfuata kuku uani kwa hatua zake fupi, kisha akafunua khanga aliyomfunikia mwanawe. Mhina akasimulia akianza na Restituta. Alipomaliza, aliona amewapunja wengine, akasimulia tena akianza na Mdoe, kisha mara ya tatu akianza na Mwantumu.

"Kaka yangu," mwanamke akasema, "mimi sina shangazi wala fundi. Nikijaliwa kumpata mmoja tu, nimwombe nani?"

Mhina akasimama, akamwita Sikudhani. Akamwambia yule mwanamke ambebe mwanawe, waende wote, kwa kuwa zahanati iko njiani na adhuhuri haiko mbali.

Wako njiani, ndugu zangu, na wazee wanasubiri jina moja. Ingekuwa ni wewe uliyemshika Sikudhani mkono, ungefika pale mkekani ukamtaja nani?