Jinsi Fumbwe Alivyolizika Zimwi la Ng'ondi

Tegeni masikio, enyi wa tumbo la Makanja, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi. Nataja enzi za njaa ya miaka mitatu, enzi ambazo miiko ya watu wetu ilikuwa mingi kuliko vyakula vyao; namtaja Fumbwe Mbeba-Nyati, Fumbwe Kifua cha Mwamba, mwana wa Makanja, naye Makanja ni binti wa yule bibi aliyevuka mto Lukwe akiwa na mzigo kichwani na mimba tumboni, asiombe mkono wa mtu.

Fumbwe ndiye aliyewatoa wazee wetu katika nchi iliyokauka, akawafikisha kwenye mlango wa bonde la Ng'ondi, ambako maji yalikuwapo na zimwi pia lilikuwapo. Siku ya kwanza tu lilimla Kibangu, mhunzi wetu, pamoja na mivukuto yake ya kupulizia moto.

Basi Fumbwe akaingia bondeni peke yake. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, alifanya kama tufanyavyo hadi leo tukikutana na mgeni: hatuulizi jina, maana jina mtu hupewa na wengine, tunauliza asichokula, kwa sababu mnyama hula chochote anachokiweza, lakini mtu ana kitu anachokiweza na bado hakili.

"Huli nini?" akauliza Fumbwe, mkuki mkononi.

"Sili mapacha," likajibu zimwi.

"Mimi nilizaliwa peke yangu."

"Basi sogea."

Walipigana siku tatu, wakang'oa miti, wakapindua mawe ambayo mpaka sasa hayajarudi mahali pake, na siku ya nne Fumbwe akalivunja shingo na kulikokota hadi kambini, zimwi lenye uzito wa ng'ombe saba. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Kwetu nyama hailiwi mpaka Baraza la Miiko liitaje, na zimwi halikuwa limetajwa popote. Wazee wanane, chini ya Mzee Sekibada, walikaa siku mbili wakilijadili huku watoto wakilamba mawe. Mmoja alisema kulila zimwi ni kumla Kibangu kwa mkono wa pili. Mwenzake akamjibu kwamba kambare wa Lukwe wamekula wafu wa maji tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewahi kumwona msemaji huyo akisusa kambare. Tena akataka kujua, je, ile mivukuto ihesabiwe kuwa ya ukoo gani? Hatimaye Mzee Sekibada akasimama.

"Zimwi halina mwiko," akasema. "Kisicho na mwiko ni nyama. Washeni moto."

Fumbwe, ambaye siku zote mbili alikuwa amelala kwa majeraha, akainuka na kusimama mbele ya kisu.

"Lina mwiko. Niliuliza, likajibu. Halili mapacha. Atakayelila amekula mtu."

Nambiza, dada yake, akapasua katikati ya watu. Alikuwa na mapacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, na wote wawili walikuwa wameacha kulia tangu jana yake.

"Kaka, nani alikutuma uulize?"

"Adabu."

"Adabu! Angekwenda mjinga asiye na adabu, wanangu wangekuwa wameshiba!"

"Wanao hao, Nambiza, ndio pekee katika kambi hii ambao zimwi lisingewagusa."

"Basi lina huruma kuliko mjomba wao!"

Watu wakanguruma. "Ulilivunja shingo, leo unalionea haya?" mmoja akapiga kelele. Mzee Sekibada naye alikasirika, ingawa si kwa njaa. "Amri imeshatoka," akasema. "Ushahidi huu ungeletwa jana."

"Kumuua adui ni vita," akasema Fumbwe. "Kumtafuna ni kujifunza kutoka kwake."

Akachukua jembe, akachimba kutwa nzima, huku akipigwa mawe na matusi na watu aliowavusha jangwa. Hakuna aliyemsaidia. Kisha akalikokota zimwi hadi ukingoni na kushuka yeye kwanza, kwa sababu kwetu maiti hailazwi bila jamaa yake kuipokea chini, na zimwi halikuwa na jamaa. Akalipokea, akalilaza ubavu.

Nambiza alipoona nyama ya wanawe imelala mchangani, alishika bonge la udongo na kumtupia kaka yake kichwani kwa hasira zote alizokuwa nazo. Likamkosa, likaangukia kifua cha zimwi.

Kambi nzima ikashika vichwa. Maana kwetu bonge la kwanza hutupwa na dada, aliyeipokea maiti akishapanda juu, na likishaanguka kaburi halifunguliwi, wala aliyemo hatoki.

Baraza likajitenga. Mara hii halikuchukua siku mbili.

"Dada ametupa," akatangaza Mzee Sekibada. "Kaburi limefungwa."

"Mzee wangu, mimi ni mzima."

"Hilo halikutajwa."

Nambiza akapiga magoti ukingoni. "Ruka, kaka! Ruka utoke, nimekosa!" Wale waliokuwa wakimpiga mawe nao wakayatupa chini, wakanyoosha mikono. Na kuruka angeweza. Aliyebeba nyati hashindwi na shimo la kimo chake.

"Nikitoka," akasema Fumbwe, "hili ni shimo tu, na shimoni mna nyama. Nikibaki ni kaburi, na kaburini mna mtu. Dada, nipe udongo."

Akampa.

Baada ya hapo watu waliteremka bondeni kuchimba ndiga, kiazi cha mwitu chenye sumu kinachotaka kulowekwa siku tatu. Pacha wa kwanza alikufa siku ya pili. Wa pili, msichana, aliingoja siku ya tatu, akala, akaishi, na sisi sote tuliopo hapa ni tumbo lake.

Baadaye Baraza likaamua kwamba aliyeipokea maiti ni jamaa wa maiti. Kwa hiyo sisi ni ndugu wa zimwi, na majirani wanalijua hilo kila tunapopeleka posa. Hatukukata rufaa. Wakati wa tambiko tunamimina pombe tukimtaja Makanja, tunamimina tukimtaja Fumbwe, kisha tunamimina mara ya tatu kwa yule aliyelala naye kaburini na kunyamaza pumzi moja, kwa kuwa katika watu wetu wote hakuna aliyemuuliza jina lake.