Bi Kinyonga na Ubao Usiobishiwa

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Mzinga!

Ndani mna nini?

— Asali!

Mmeiona?

— Hatujaiona!

Basi mbona mnajibu upesi hivyo? Haya, sogeeni karibu. Na wewe uliyekaa nyuma, toa mkono mfukoni niuone.

Hapo zamani, tena si zamani sana, palikuwa na kampuni ya asali katika msitu wa migunga. Wenye kampuni walikuwa nyuki. Kazi yao ilikuwa kuruka, kunyonya maua na kurudi. Kuruka, kunyonya maua na kurudi. Nafasi ya kusimamia ofisi hawakuwa nayo. Wakatafuta mkurugenzi mwenye nguvu, mwenye ngozi nene, asiyeogopa mtu. Wakamwajiri Nyegere.

Ndiyo, Nyegere. Yule yule anayepasua mizinga kwa kucha na kulamba mpaka masega. Msiniangalie mimi, sikuwepo kwenye usaili.

Mizinga ilikuwa minne, kila mmoja juu ya mti wake, kila mmoja na mlinzi wake. Wa kwanza ulilindwa na Kanga, wa pili na Pimbi, wa tatu na Nungunungu. Wa nne ulilindwa na Bi Kinyonga. Na chakula cha Kinyonga ni nini? Wadudu. Na nyuki ni nini? Haya, mmeanza kuona kampuni hii ilivyokuwa inaajiri. Lakini Bi Kinyonga alikuwa amefukia mayai kumi na mawili chini ya mti wake, yakingoja mvua ili yaanguliwe. Aliitaka kazi ili abaki karibu na mayai hayo. Akaufunga ulimi wake, akala nzi na panzi tu, na nyuki wakipita mbele ya pua yake alimeza mate akatazama pembeni.

Kutazama alikujua. Jicho moja lilitazama mzinga, jicho la pili lilitazama nani anakuja nyuma yake. Hakumwamini mtu. Mkurugenzi akimwambia, "Habari za asubuhi," yeye alijiuliza: anataka nini na asubuhi yangu huyu?

Siku moja asali ikaanza kupungua. Nyuki wakanung'unika, nzzz, nzzz, nzzz. Nyegere akawatuliza.

"Msiwe na wasiwasi, wenye mali. Siku hizi kampuni haiendeshwi kwa kubahatisha."

Akamleta fundi kutoka mjini, Kunguru, na Kunguru akaleta Ubao wa Maarifa. Ulikuwa ubao mpana, mweusi, unaong'aa. Chini ya kila mzinga Kunguru aliweka mizani. Mguuni mwa kila mfanyakazi akafunga kikuku, na kikuku hicho kilipeleka habari ubaoni: umefika mzinga gani, umefika saa ngapi. Ubaoni kulikuwa na taa nne, taa moja kwa kila mzinga. Kijani, asali ipo. Nyekundu, asali imepungua. Ukitaka kuuliza neno, Kunguru anagonga kwa mdomo, ko-ko-ko! Ubao unajibu, ting!

Nyegere akapanda juu ya kichuguu. "Kuanzia leo maamuzi yote yatatoka hapa. Ubao hauna shangazi wala mjomba. Ubao haushikwi na njaa. Ubao ukisema, tunatekeleza. Nitakayemsikia anabishana na ubao ataondoka siku hiyo hiyo, hata awe nani. Ubao umesema!"

"Tumesikia!" wakajibu wote.

Kisha akanyoosha mguu wake. "Na mimi nifunge kikuku."

"Mheshimiwa," akasema Kunguru, "wewe si lazima."

"Si lazima? Pimbi ang'ae mguuni, mimi mkurugenzi nikae mguu mtupu? Nipe kikubwa kuliko vyote!"

Kunguru akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Akamvalisha kikubwa kuliko vyote. Bi Kinyonga alikuwa tawini, na jicho lake la kushoto likaona jambo hilo, likaliweka akiba.

Kesho yake wakakusanyika mbele ya ubao. Nyegere akauliza, "Mzinga gani umepungua?"

Ko-ko-ko! Ting! Taa ya mzinga wa kwanza ikawa nyekundu.

"Ubao umesema!"

"Tumesikia!"

"Lakini Mheshimiwa," akasema Kanga, "mimi hata tone..."

"Unabishana na ubao?"

Kanga akaondoka na vifaranga wake, chwi, chwi, chwi, mpaka ng'ambo ya msitu. Nyegere akaenda mwenyewe chini ya mti wa Kanga, akachimba kila mahali kwa kucha zake, kwaru, kwaru, kwaru. Alisema anatafuta asali iliyofichwa. Asali hakuiona, ila kiota cha Kanga kilikuwa na mayai mawili yaliyosahauliwa, na hayo hayakuonekana tena.

Hapo Bi Kinyonga akayakumbuka mayai yake. Alfajiri ile alikuwa amemwona mtu akishuka kutoka mzinga wa kwanza, sharubu zinanata. Akasema mbele ya wote, "Mkurugenzi, kuna mtu nilimwona."

Nyegere akacheka. "Wewe? Jicho lako moja liko mashariki, la pili liko magharibi. Utajuaje ulichokiona? Jamani, tuamini macho ya namna hii, au tuamini ubao?"

"Ubao!" wakasema wote, na Pimbi ndiye aliyecheka zaidi.

Wiki iliyofuata, "Mzinga gani umepungua?" Ko-ko-ko! Ting! Wa pili. Ubao umesema, tumesikia. Pimbi akaondoka, hacheki tena. Nyegere akachimba, kwaru, kwaru, kwaru.

Wiki ya baadaye, "Mzinga gani umepungua?" Ko-ko-ko! Ting! Wa tatu. Ubao umesema, tumesikia. Nungunungu akaondoka. Nyegere akachimba, kwaru, kwaru, kwaru.

Bi Kinyonga sasa hakulala vizuri wala kula vizuri. Alikaa tawini akiutazama ule ubao kwa jicho moja na Nyegere kwa jicho la pili. Ubao huu, alijiambia, unajua mambo mengi. Unajua uzito, unajua nani kafika wapi na saa ngapi. Mbona unaulizwa swali moja tu? Na mbona anayeuliza ni yule yule?

Alfajiri moja, mti wake ukatikisika. Bi Kinyonga akajibana kwenye gome, akawa rangi ya gome. Nyegere akapanda, akapita karibu naye kabisa, akaingiza mkono mzingani. Chwap, chwap, chwap. Akashuka akijifuta mdomo. Chini ya mti akasimama, akainusa ardhi, akaguna, "Mmh. Na hapa pana kitu. Nikimaliza kikao nakuja kupachimba."

Bi Kinyonga aliogopa. Aliogopa mpaka rangi zikamgongana mwilini. Mayai kumi na mawili! Akashuka, akaanza safari ya kwenda kwenye ubao. Hatua moja, anasita. Hatua moja, anasita. Alifika wakati Nyegere anapanda kichuguu.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Sema upesi, nina swali la kuuliza ubao."

"Najua. Leo ni zamu ya mzinga wangu, nami sitabisha. Ila kinachoniuma ni kimoja. Kila siku tunautafuta uzembe tu, bidii hatujawahi kuiulizia. Sasa watu wananong'ona ati Mkurugenzi halimchomi jua, kazi yake kukaa."

Nyegere akafura. "Nani ananong'ona?"

"Mimi sitaji majina. Nasema ubao uulizwe: nani anawahi kufika mizingani kuliko wote? Kama ni wewe, waone haya."

Kunguru akakohoa. "Mheshimiwa, swali hilo labda tulifikirie kwanza..."

"Gonga!"

Ko-ko-ko! Ting! Mstari mrefu ukachorwa ubaoni, na juu yake jina: Nyegere. Saa kumi na moja alfajiri, mzinga wa kwanza. Saa kumi na moja alfajiri, mzinga wa pili. Saa kumi na moja alfajiri, mzinga wa tatu. Na leo, saa kumi na moja alfajiri, mzinga wa nne. Hakuna aliyemkaribia.

Nyegere akajipiga kifua. "Ubao umesema!"

"Tumesikia!"

"Hongera, Mkurugenzi," akasema Bi Kinyonga kwa upole. "Sasa Bwana Kunguru aweke hapo chini uzito wa asali wa siku hizo hizo. Waione faida ya mkuu kuamka mapema."

"Weka!" akanguruma Nyegere, kifua bado kiko mbele.

Ko-ko-ko! Ting!

Mstari wa Nyegere ukapanda, mstari wa asali ukashuka. Wa Nyegere ukapanda, wa asali ukashuka. Mara nne ukapanda, mara nne ukashuka. Hakuna aliyepiga makofi. Nyuki waliacha hata kuvuma.

"Ubao huu umeharibika!" akafoka Nyegere. "Unasema uongo!"

Bi Kinyonga akageuza macho yote mawili, kwa mara ya kwanza, akamtazama yeye peke yake.

"Samahani, Mkurugenzi, sikusikia vizuri. Unabishana na ubao?"

Nzzzzzz! Ngozi ya Nyegere ilikuwa nene kweli, lakini pua ni pua. Alikimbia, puu, puu, puu, kikuku kinalia mguuni, na ubaoni kila mtu aliuona mstari wake ukienda mpaka ukingo wa msitu, ukatoka nje, ukakatika.

Walinzi watatu wakarudishwa kazini. Nyuki wakauliza, "Nani sasa atunze ubao?" Wakajibu wenyewe, "Bi Kinyonga. Huyu ndiye mwaminifu."

Mvua ikanyesha. Mayai yakaanguliwa, yote kumi na mawili, na wote kumi na wawili wakatoka na njaa. Bi Kinyonga akaufungua ulimi. Fyap!

Kila asubuhi ubao ukaulizwa, "Mzinga gani umepungua?" Ko-ko-ko! Ting! Kijani, kijani, kijani, kijani. Nyuki wakafurahi, nzz, ingawa sauti ya nzz ilikuwa ndogo kuliko zamani. Kuhusu idadi ya nyuki hakuna aliyeuliza.

Asubuhi moja Kunguru akasogea, akainamisha kichwa.

"Bi Kinyonga, uko wapi? Hii taa ya mzinga wa nne ni kijani, sawa. Lakini mbona ina mkia?"

"Unabishana na ubao?" ikauliza taa.

Hadithi yangu naitua hapo. Funzo lake ni hili: mwamini anayetunza ubao, uliza swali moja tu, ukijibiwa kijani nenda zako kazini. Ikiwa tamu, ilambeni mgawane. Ikiwa chungu, nirudishieni yote, nitaipima. Na nilipoanza mlikuwa kumi na wanne, sasa nawahesabu kumi na watatu. Yule aliyekaa nyuma yuko wapi?